Rosterman: Dhahabu ya Kakamega
Dhahabu ilipopatikana Kakamega, magharibi mwa Kenya, mwaka 1931, walowezi wa Kizungu waliofilisishwa na nzige na mdororo wa uchumi walimiminika, wakapiga mahema katikati ya mashamba ya Waluhya. Sheria ya kikoloni ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika ikitwaliwa, wangepewa nyingine badala yake. Desemba 1932 ikarekebishwa upesi: fedha zilitosha kuwa fidia. Ahadi hiyo haikumaliza hata miaka mitatu.

Mgodi mkubwa, Rosterman, ulifungwa mwaka 1952. Uchimbaji haukwisha. Hadi leo vijana hushuka mashimoni kwa kamba. Wanawake huponda mawe, huosha mchanga kwenye karai na kunasa dhahabu kwa zebaki, sumu inayoingia mwilini na mitoni.