Muhuri ukiibwa, nani anaufuta?

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa nasoma, na niliyoyasoma yameninyima raha. Leo tuongee habari za mihuri.

Ukipeleka barua ofisini bila muhuri wa serikali ya mtaa, unarudishwa. Ukiwepo muhuri, karani haulizi tena. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Mtengenezaji wa programu anaisaini kwa ufunguo wa siri alionao yeye peke yake, na kampuni nyingine inampa cheti cha kuthibitisha kwamba ufunguo ni wake kweli. Unapoiweka programu hiyo, kompyuta inakagua saini, inaona jina inaloliamini, inakuruhusu. Microsoft ilianza utaratibu huu kwenye Internet Explorer 3, mwaka 1996.

Swali langu ni moja tu: muhuri ukiangukia mikononi mwa tapeli, unafutwaje?

Tarehe 29 na 30 Januari 2001, kampuni ya VeriSign ya Marekani ilitoa vyeti viwili vya kusainia programu kwa mtu aliyejidai kuwa mfanyakazi wa Microsoft. Hakuvunja mlango wala kuiba nywila. Aliomba, akapewa, na vyeti vikaandikwa jina la Microsoft. VeriSign ilikuja kugundua mwezi Machi, ikavifuta. Sasa sikiliza kichekesho: vyeti hivyo havikuwa na anwani ya mahali pa kuitafuta orodha ya vyeti vilivyofutwa. Kompyuta ingejuaje? Ikabidi Microsoft itoe kiraka cha Windows kwa sababu ya vyeti viwili tu.

Twende mwaka 2010. Mwezi Juni, kampuni ndogo ya Belarus, VirusBlokAda, ilikinasa kirusi kilichokuja kuitwa Stuxnet, kilicholenga mitambo ya kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Kilikuwa na saini halali ya Realtek, kampuni ya Taiwan inayotengeneza chipu. Tarehe 16 Julai cheti cha Realtek kikafutwa. Kesho yake watafiti wa ESET wakaona faili lingine, safari hii na saini ya JMicron, kampuni nyingine ya Taiwan yenye ofisi katika eneo lile lile la viwanda la Hsinchu. Unafuta muhuri mmoja, kumbe mwizi ana wa pili mfukoni.

Wakati mwingine kinachotakiwa kufutwa ni aina nzima ya muhuri. Kuna hesabu iitwayo MD5, inayolifupisha faili liwe kama alama ya kidole. Mwaka 2004 mtaalamu wa China, Wang Xiaoyun, na wenzake walionyesha kwamba mafaili mawili tofauti yanaweza kutoa alama moja. Desemba 2008 watafiti wengine walitumia PlayStation 3 zipatazo 200 kutengeneza cheti bandia hadharani. Dunia ikawa imeambiwa. Lakini kirusi cha Flame kilipogunduliwa Mei 2012, kilikutwa na saini iliyosomeka kama ya Microsoft yenyewe, kikijipenyeza kwa kujifanya sasisho la Windows. Kisa? Kitengo kimoja cha leseni za seva kilikuwa kimeendelea kutoa vyeti kwa MD5. Miaka yote ile!

Sisemi saini hazina maana. Zimezuia mengi. Ila saini inakuambia muhuri ni wa nani, haikuambii uko mkononi mwa nani leo. Sisi waandishi tunapoitwa kwenye uzinduzi wa mfumo mpya, tunapiga picha mkubwa akibonyeza kitufe, tunakunywa soda, tunaondoka. Mimi nimejiwekea swali la kuuliza kabla ya soda: daftari la mihuri iliyofutwa liko wapi, na nani analisoma?

Tukijaliwa, tutaonana.