Ubongo wa Kawaida ni wa Nani? Historia ya Kupima Mawimbi ya Ubongo na Swali la Jeraha Dogo la Kichwa Mkoani Simiyu

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012 kwa kumega Mkoa wa Shinyanga na sehemu ya Mkoa wa Mwanza, na Bariadi ikawa makao makuu yake. Miaka miwili kabla ya hapo serikali ilikuwa imetoa kanuni za leseni kwa pikipiki zinazobeba abiria, na bodaboda zikawa njia ya kawaida ya kutoka vijiji vya pamba kwenda mnadani, shuleni na zahanati. Ajali zilifuata. Aliyevunjika mguu huhesabiwa, kwa kuwa mvunjiko huonekana na daktari huujaza katika fomu ya polisi, yaani PF3, bila shida. Asiyehesabika kwa urahisi ni yule aliyeanguka, akapoteza fahamu kwa dakika chache, akanyanyuka na kurudi nyumbani kwa miguu yake. Kisha wiki zikapita akiumwa kichwa, akisahau alichotumwa, akikereka kwa kelele za watoto. Hata akipewa rufaa hadi Bugando, Mwanza, picha ya CT huweza kutoka safi. Ndugu humwambia amepona. Yeye anajua hajapona.

Hali hii huitwa jeraha dogo la ubongo. Vigezo vilivyowekwa Marekani mwaka 1993 vinataja kupoteza fahamu kusikozidi dakika 30, kusahau kusikozidi saa 24, na alama 13 hadi 15 katika kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa na Teasdale na Jennett mwaka 1974. Neno "dogo" linaeleza ukali wa siku ya kwanza tu. Kwa mgonjwa ambaye picha yake ni safi, kifaa kinachoahidi kuonesha kisichoonekana kina mvuto mkubwa, na elektroensefalografia, yaani upimaji wa umeme wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa, imetoa ahadi hiyo mara nyingi. Insha hii inadai kwamba kila mara ahadi hiyo ilipotolewa, uzito wake ulitegemea swali lisiloulizwa vya kutosha: ubongo wa mgonjwa unalinganishwa na ubongo wa nani?

Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili mjini Jena, Ujerumani, alirekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, akakaa na matokeo yake miaka mitano kabla ya kuyachapisha mwaka 1929. Wengi hawakumwamini hadi Adrian na Matthews wa Cambridge walipoyathibitisha mwaka 1934. Miongoni mwa aliowapima sana ni mwanawe mwenyewe, Klaus. Si kosa la Berger. Mtafiti huanza na aliye karibu naye. Lakini ndivyo "kawaida" ilivyoanza kuandikwa, kwa vichwa vilivyokuwa karibu na mashine.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango mbaya. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari mjini Nairobi kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Anajulikana zaidi kwa kumfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, hoja iliyoshambuliwa vikali na Frantz Fanon. Jambo linalosahaulika ni kwamba alitegemea pia vipimo vya mawimbi ya ubongo vilivyofanywa kwa Waafrika wa makoloni ya Ufaransa, na tofauti na wastani wa Kizungu ikasomwa kama dalili ya kutokomaa. Mashine haikusema hivyo. Mashine ilichora mistari tu. Maana iliwekwa na waliokuwa wameshaamua nani ni kipimo cha nani.

Miongo minne baadaye kifaa hichohicho kilitumiwa kwa namna nyingine huko Kilifi, pwani ya Kenya. Watafiti waliowahudumia watoto wenye malaria ya ubongo waligundua kuwa baadhi yao walikuwa na degedege lisiloonekana mwilini: mtoto ametulia kitandani, ilhali mistari inaonesha ubongo uko katika kifafa. Hapa mgonjwa hakulinganishwa na wastani wa mbali. Alisomwa kando ya kitanda chake, saa hiyohiyo, na jibu lilihusu matibabu yake mwenyewe.

Njia iliyofuatwa katika jeraha dogo ilikuwa ya kwanza, si ya pili. Mwaka 1977 E. Roy John wa New York alipendekeza kulinganisha mawimbi ya kila mgonjwa, kwa kompyuta, na hifadhi ya takwimu za watu wenye afya. Mwaka 1989 Thatcher na wenzake walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 608 wa jeraha dogo, wakidai kuwatenga na watu wenye afya kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Dai hilo lilifika mahakamani Marekani, ambako fidia hudai ushahidi. Mwaka 1997 vyama viwili vya wataalamu wa mishipa ya fahamu nchini humo vilitoa msimamo kupitia Nuwer: uchambuzi huo usitumike kutambua jeraha dogo, wala usiwe ushahidi katika kesi. Usingizi, dawa na hata kukaza misuli ya paji la uso hubadilisha mistari. Naona msimamo huo ulikuwa wa haki, ingawa uliwaacha wagonjwa pale walipokuwa.

Nyurofidibaki, yaani mafunzo ambamo mtu huoneshwa mawimbi yake papo hapo ili ajifunze kuyabadili, ina nasaba yake. Joe Kamiya, huko Chicago, alianza mwaka 1958 kuuliza kama mtu anaweza kutambua mawimbi yake ya alfa yanapotokea. Barry Sterman aliwafundisha paka kuongeza mdundo fulani, akaona wakistahimili zaidi kemikali ya mafuta ya roketi inayoleta degedege. Mwaka 1972 alichapisha habari za mgonjwa wa kwanza wa kifafa. Kutoka kifafa mbinu ilihamia kwenye majeraha ya kichwa, na hapo ushahidi ukapungua unene: tafiti nyingi ni za watu wachache, bila kundi la kulinganisha lililopewa mafunzo ya uongo. Mgonjwa aliyeketi na mtaalamu makini kwa vipindi 20 au 40 huenda akapata nafuu kwa kusikilizwa tu.

Turudi Bariadi. Mwendesha bodaboda aliyeanguka huenda aliugua malaria kali utotoni, na miongoni mwa wanaopona malaria ya ubongo wapo wanaobaki na kifafa au kumbukumbu hafifu. Huenda ana minyoo ya tegu kichwani, ugonjwa unaojulikana pia Mbulu, na kuhusishwa na kifafa. Mawimbi yake yakitofautiana na hifadhi ya takwimu ya Marekani, tofauti hiyo ni ya ajali, ya malaria, ya minyoo, au ya hifadhi yenyewe? Bila vipimo vya watu wenye afya wa Bariadi, Maswa na Meatu, wa umri na historia kama yake, swali halina jibu, na mashine itakayonunuliwa itarudia kosa la mwaka 1953 kwa lugha ya kompyuta. Pasipo vipimo hivyo, rekodi yenye thamani zaidi ni ile isiyohitaji umeme: maelezo ya mgonjwa na ya mtu anayeishi naye, yaliyoandikwa siku ya ajali, wiki ya pili na mwezi wa tatu, katika faili lilelile.