Vim, Uganda na dirisha la terminali

Leo nawaandikia kutoka hapa Kibomet, Kitale, na mada ni ya wale wanaoshinda mbele ya skrini nyeusi: dirisha la terminali ndani ya Vim. Dirisha hili lina historia, na sehemu ya historia hiyo imepita kwa jirani zetu Uganda.

Bram Moolenaar, Mholanzi, alitoa Vim mwaka 1991 kwa kompyuta ya Amiga. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, akafanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto. Ukimwi ulikuwa umeua wazazi wengi huko. Baadaye akaanzisha shirika la ICCF la kukisaidia kituo. Ndiyo maana Vim ni ya bure, lakini ukiifungua inakuomba uwakumbuke watoto wa Uganda. Huamini? Andika :help uganda.

Haya, turudi kwenye terminali. Watu wa Emacs waliendesha shell ndani ya programu yao tangu zamani. Bram alikataa. Mwongozo wa Vim ulisema wazi kwamba Vim si shell wala mfumo wa uendeshaji. Ukitaka kuendesha amri, unaandika :! kisha unangoja, mpaka iishe, hugusi faili yako. Wengine tulijisaidia kwa screen au tmux.

Mwishoni mwa 2013 Thiago de Arruda wa Brazili alipeleka marekebisho ya kuiwezesha Vim kufanya kazi nyingine huku ukiendelea kuandika. Hayakupokelewa. Basi mwaka 2014 akaanzisha Neovim, na mwaka 2015 ikawa na terminali yake. Septemba 2016 Vim 8.0 ikaweza kuzungumza na programu nyingine bila kusimama, na Mei 2018 Vim 8.1 ikaja na :terminal. Je, ni Neovim iliyomsukuma Bram? Mimi naona ilichangia. Msimbo ukiwa huru, aliyekataliwa ana pa kwenda, na aliyekataa ana sababu ya kufikiri upya.

Utamu wenyewe ni kwamba dirisha hili linatii skripti. term_start() hulifungua, term_sendkeys() huandika humo kana kwamba ni vidole vyako, na term_getline() husoma mstari uliotokea. Kwanza lilikuwepo tukio la TerminalOpen, lakini terminali yaweza kuanzishwa ikiwa imefichwa, haina dirisha. Mipangilio yako ikaangukia dirisha lisilohusika! Baadaye likaongezwa TerminalWinOpen. Weka mstari huu kwenye vimrc:

autocmd TerminalWinOpen * setlocal nonumber

Kuanzia hapo kila terminali inayofunguka dirishani haina namba za mistari. Kwenye Neovim tukio lake ni TermOpen.

Bram alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Vim 9.1, iliyotoka Januari 2024, ilitolewa kwa kumbukumbu yake, na wenzake ndio wanaoiendeleza. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Naona na programu ni hivyo hivyo.

Haya, fungua :terminal ujaribu. Tuonane tena!