Taa ya onyo la upepo: Jaza tairi kwanza, kisha bonyeza swichi

BAADHI ya magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini kutoka Japani huja na mtambo wa kumwonya dereva upepo unapopungua kwenye tairi. Vitabu vya maelezo ya magari hayo aghalabu huwa vimeandikwa kwa Kijapani, au havipo kabisa. Hivyo basi, mwenye gari wa Kongoni au Matunda, eneo la Likuyani, Kaunti ya Kakamega, anapoona taa ya manjano ikiwaka asubuhi, huipuuza au humwomba fundi aizime. Yote mawili yana hatari.

Taa hiyo ina umbo la herufi U iliyobanwa juu, na katikati yake mna alama ya mshangao.

Chanzo chake

Mtambo huu ulienea baada ya Marekani kupitisha sheria mwaka wa 2000, kufuatia ajali nyingi za magari ya Ford Explorer yaliyopinduka tairi zake za Firestone zilipoharibika. Kuanzia Septemba 2007, magari mapya madogo yote nchini humo yalitakiwa kuwa nao. Taa sharti iwake upepo ukipungua kwa asilimia 25 chini ya kiwango kilichopendekezwa. Kwa tairi inayohitaji paundi 32 kwa kila inchi ya mraba, huko ni kufika paundi 24. Katika Umoja wa Ulaya, magari mapya madogo ya abiria yote yalilazimika kuwa na mtambo huo kuanzia Novemba 2014.

Aina mbili

Aina ya kwanza ina kifaa kidogo chenye betri ndani ya kila gurudumu, nyuma ya valvu. Kifaa hicho hupima upepo wenyewe na kutuma habari kwa mawimbi ya redio. Betri yake hudumu kati ya miaka mitano na kumi hivi.

Aina ya pili haipimi upepo. Hutumia vifaa vya breki za ABS kulinganisha kasi ya magurudumu. Tairi iliyopungua upepo huwa na kimo kidogo, hivyo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko zingine, na kompyuta ya gari hutambua tofauti hiyo.

Hapa ndipo penye hatari. Ukibonyeza swichi ya aina hii ya pili kabla ya kujaza upepo, huwa unaifundisha kompyuta kwamba hali iliyopo ndiyo sahihi. Taa itazimika, lakini tairi itaendelea kujikunja na kupata joto, na huenda ikapasuka gari likiwa katika kasi kwenye barabara kuu ya Eldoret kwenda Kitale.

Hatua za kufuata

Kwanza, tafuta kiwango cha upepo kwenye kibandiko kilicho kando ya mlango wa dereva. Usifuate nambari iliyochapishwa ubavuni mwa tairi, kwani hicho ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi inaweza kustahimili.

Pili, pima tairi zikiwa baridi, yaani gari likiwa limeegeshwa kwa saa tatu au zaidi. Kwa kuwa vituo vya petroli huwa mbali na vijiji vingi, ni vyema kuwa na kipimo chako nyumbani. Tuseme tairi inahitaji paundi 32, nawe umepata 26. Pengo ni paundi sita. Ukifika kituoni na tairi hiyo iliyopata joto isome 29, ijaze hadi 35. Usipunguze upepo wa tairi iliyo moto.

Tatu, kagua kama kuna msumari au valvu inayovuja. Tairi inayopungua tena baada ya siku chache ina pancha, na hakuna swichi itakayoitibu.

Nne, simamisha gari na uwashe swichi ya ufunguo. Katika magari mengi ya Toyota, bonyeza na ushikilie kitufe chenye alama ya taa hiyo, ambacho aghalabu huwa chini ya dashibodi karibu na usukani, hadi taa imemeke polepole mara tatu. Katika magari kadhaa ya Mazda humemeka mara mbili na mlio husikika. Magari mengine hayana kitufe, bali hupangwa upya kupitia menyu ya skrini.

Tano, endesha gari kama kawaida ili kompyuta ijifunze. Baadhi ya magari huhitaji nusu saa au zaidi ya mwendo wa barabarani.

Baridi na mzigo

Joto la hewa likipungua kwa nyuzi 10 za Selsiasi, upepo hupungua kwa kati ya paundi moja na mbili. Ndiyo sababu taa huweza kuwaka asubuhi ya baridi na kuzimika adhuhuri. Hiyo ni ishara kwamba tairi zilikuwa tayari karibu na kiwango cha chini.

Msimu wa mavuno, wanaosafirisha magunia ya mahindi watazame kibandiko tena. Magari mengi huhitaji upepo zaidi katika tairi za nyuma yanapobeba mzigo mzito. Baada ya kuongeza, mtambo wa aina ya pili upangwe upya.

Taa inayomemeka

Taa ikimemeka kwa dakika moja hivi kila unapowasha gari kisha ibaki ikiwaka, mtambo wenyewe una hitilafu. Huenda betri ya kifaa imekwisha, au ringi zilibadilishwa na kuwekwa zisizo na vifaa hivyo. Unapopeleka gurudumu kuzibwa pancha, mwarifu fundi mapema kwamba mna kifaa ndani, kwani chuma cha kung'olea tairi hukivunja kwa urahisi.

Hadi kitakapobadilishwa, pima tairi kwa mkono angalau mara moja kwa mwezi, bila kusahau gurudumu la akiba.