Soweto Mashariki (Kibera)

Soweto Mashariki ni kimojawapo cha vijiji vya Kibera, Nairobi. Hapa ndipo mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda, KENSUP, ulioendeshwa na serikali ya Kenya pamoja na UN-Habitat na kuzinduliwa rasmi 2004, ulipoanza kubadilisha mabanda kuwa maghorofa. Septemba 2009 familia za kwanza zilihamia nyumba 600 za muda Lang'ata, kando tu ya Kibera, zisubiri ujenzi. Wenye mabanda walikwenda mahakamani, na ubomoaji ukakwama hadi 2012. Nyumba 822 zilikabidhiwa 2016.

Kesi hiyo ilikuwa na mzizi wake. Ardhi ya Kibera kwa sehemu kubwa ni ya serikali, na wakazi wengi ni wapangaji wanaomlipa mwenye banda asiye na hati, mara nyingi asiyeishi hapo. Banda likibomolewa, mwenyewe amepoteza kipato na mpangaji amepoteza chumba cha bei anayoimudu.

Huko Lang'ata familia mbili au tatu ziligawana nyumba moja, kila familia na chumba chake, jiko na choo vya pamoja. Punde ilionekana kwamba watu wenye mshahara wako tayari kulipia vyumba hivyo zaidi ya kodi nafuu iliyowekwa. Baadhi ya waliopewa wakavipangisha na kurudi kwenye mabanda, tofauti ya fedha ikawa karo na unga. Kuwaita walaghai ni kuwaonea: mtu asiye na kipato cha uhakika huhitaji fedha mkononi kabla ya sakafu ya saruji. Hata hivyo, ruzuku iliyokusudiwa maskini ilimfikia mwingine, na maskini akarudi kutafuta chumba katika vijiji vilevile. Ilikwisha kutokea hapo jirani: mtaa wa nyumba wa Nyayo Highrise, uliokusudiwa watu wa Kibera, uliishia mikononi mwa watu wa kipato cha kati.

Sehemu ya mradi isiyosifiwa sana ni ile ya maji na usafi: vyoo vya umma na vituo vya maji vilivyosimamiwa na vikundi vya wakazi, pamoja na barabara iliyopasua kijiji. Hivi havikuhitaji orodha ya majina ya watakaopewa. Kwa jirani aliyekosa nyumba, barabara na choo vilimfaa kuliko maghorofa.