Chakula cha Mwisho na Masurufu ya Safari

Watu wengi hupenda kujua wakuu wa dunia walikula nini kabla ya kufa. Vitabu vimeandikwa juu ya jambo hilo, na magazeti hulipa nafasi kila mara mtu mashuhuri anapofariki ghafula au mhalifu anapouawa kwa hukumu ya mahakama. Udadisi huo una asili yake. Kula ni jambo la kila siku, na kufa ni jambo la mara moja tu. Mambo haya mawili yanapokutana katika saa moja, hata msomaji asiyejali dini husimama na kutafakari.

Makala hii haikusudii kuorodhesha vyakula. Inakusudia kuonyesha kwamba Kanisa la kale, lilipotunza kumbukumbu za chakula cha mwisho cha watu wake, lilitazama jambo jingine: ni nani aliyemlisha nani, na je, aliyekufa aliondoka akiwa amepatanishwa na Mungu na ndugu zake? Swali hilo si la historia peke yake. Mchungaji anayeitwa usiku kwenye kitanda cha mshirika aliyetengwa na Meza ya Bwana hana budi kulijibu kabla hajavaa viatu.

Mlo unaotolewa na mwenye nguvu

Tuanze nje ya Kanisa. Mwaka 399 kabla ya Kristo, mwanafalsafa Socrates alihukumiwa huko Athene kunywa sumu. Plato, mwanafunzi wake, anasimulia kwamba jioni ile rafiki yake Crito alimsihi asiharakishe, kwa kuwa jua lilikuwa bado liko juu ya milima. Alimkumbusha kwamba watu wengine katika hali yake walikula na kunywa vizuri kwanza, wakachelewesha kikombe hata usiku. Socrates alikataa. Alisema hangepata faida yoyote kwa kung'ang'ania maisha yaliyokwisha, angejifanya kichekesho tu mbele ya nafsi yake. Alikuwa amekwisha oga na kuagana na jamaa zake; basi akanywa. Huo ulikuwa ushujaa wa kweli. Lakini tuangalie kwamba kwake mlo wa mwisho ulikuwa ucheleweshaji tu wa mauti. Haukuwa na neno la kumwambia.

Warumi nao walikuwa na desturi yao. Watu waliokusudiwa kuuawa katika kiwanja cha michezo waliandaliwa karamu usiku wa kuamkia siku hiyo, na watu wa mji waliruhusiwa kuja kuwatazama wakila. Kwa sura ya nje ilikuwa hisani. Kwa ndani ilikuwa sehemu ya maonyesho. Aliyetoa chakula ndiye aliyetoa pia wanyama wakali.

Desturi ya namna hiyo haikuisha pamoja na dola ya Warumi. Katika jimbo la Texas nchini Marekani, mfungwa aliyekaribia kuuawa aliruhusiwa kuchagua chakula chake cha mwisho hadi mwaka 2011. Mwaka huo mfungwa mmoja aliagiza vyakula vingi sana, kisha hakuonja hata kimoja; mbunge mmoja wa jimbo akalalamika, na desturi ikafutwa. Tangu hapo mfungwa hupewa kile wanachokula wenzake. Kisa hiki chaonyesha hali ya mlo wa namna hiyo: mwenye nguvu huutoa apendavyo na kuuondoa apendavyo, na anayekula hana mwenzi wa kula naye.

Wafia dini waliogeuza meza

Wakristo wa kale waliingia katika desturi hizo wakazigeuza. Polycarp, askofu wa Smirna, alikamatwa yapata mwaka 155 akiwa mzee sana. Mwenyewe alitaja miaka 86 ya kumtumikia Kristo. Askari walifika saa ya chakula cha jioni, siku ya Ijumaa, wakamkuta katika chumba cha juu cha nyumba ndogo ya shamba. Angeweza kukimbia tena, akakataa. Alishuka, akazungumza nao, akaagiza waandaliwe chakula na kinywaji kadiri walivyotaka. Yeye aliomba apewe saa moja tu ya kusali. Alisimama akasali muda wa saa mbili, akiwakumbuka watu wote aliowahi kukutana nao, wadogo kwa wakubwa, hata baadhi ya waliokuja kumkamata wakajuta kwamba walitumwa kwa mzee kama huyu.

Hapa mpangilio umepinduka. Askari ndio wanaokula, na anayekwenda kufa ndiye mwenyeji. Waliosimulia kifo chake hawakutuambia kama Polycarp mwenyewe alionja chochote. Walichoona kinafaa kukumbukwa ni kwamba aliwalisha adui zake.

Mwaka 203, huko Karthago katika Afrika ya Kaskazini, kundi dogo la wanafunzi wa ubatizo liliuawa katika kiwanja cha michezo. Miongoni mwao walikuwamo Perpetua, mama kijana aliyekuwa akinyonyesha, na Felicitas, mtumwa aliyejifungua gerezani. Walipoandaliwa ile karamu ya usiku wa mwisho, waliifanya kuwa karamu ya upendo, kama Wakristo walivyozoea kula pamoja. Watu wa mji walipokuja kuwakodolea macho, mwenzao Saturus aliwauliza kama siku ya kesho haitawatosha, akawataka wazitazame nyuso zao kwa makini ili wapate kuwatambua katika siku ile ya hukumu. Habari hiyo yaeleza kwamba watu waliondoka wakiwa wameduwaa, na wengi wao wakaamini.

Tena Perpetua alikuwa amekwisha kula kabla ya hapo. Katika maono aliyoyaandika akiwa gerezani, alimwona mzee mwenye nywele nyeupe, amevaa kama mchungaji wa kondoo, akikamua maziwa. Mzee huyo alimpa kipande cha jibini. Akakipokea kwa mikono iliyounganishwa, na waliosimama pande zote wakaitika Amina. Alipoamka alikuwa bado anatafuna kitu kitamu. Msomaji yeyote anayeijua ibada ya Meza ya Bwana anatambua mara moja ishara hizo. Aliyelishwa na Mchungaji huyo hakuwa tena mgeni wa liwali wa Kirumi.

Kipande kidogo cha Serapion

Hata hivyo, si Wakristo wote walioshinda. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe dhabihu kwa miungu ya dola, na wengi katika Kanisa walianguka. Mateso yalipopungua, walioanguka walirudi wakilia. Je, wapokewe? Huko Roma kasisi aitwaye Novatian alisema hapana. Wamwachie Mungu mwenyewe, Kanisa lisiwape tena ushirika. Wengi waliona msimamo huo kuwa ndio utakatifu wa kweli, na Fabius, askofu wa Antiokia, alianza kuelemea upande huo.

Ndipo Dionysius, askofu wa Iskanderia, akamwandikia Fabius barua, ambayo sehemu yake imehifadhiwa na mwanahistoria Eusebius. Dionysius hakuanza hoja hii kwa kanuni. Alisimulia habari za mzee mmoja, jina lake Serapion. Mzee huyu alikuwa ameishi bila lawama muda mrefu, lakini katika jaribu alianguka, akatoa dhabihu. Mara nyingi aliomba msamaha, wala hakuna aliyemsikiliza. Akaugua. Siku tatu alilala bila kusema wala kufahamu kitu. Siku ya nne alizinduka kidogo, akamwita mjukuu wake, akamwuliza watamzuia hata lini. Akamtuma haraka amwite kasisi mmojawapo. Kisha sauti ikapotea tena.

Mtoto alikimbia usiku ule, lakini kasisi alikuwa mgonjwa, hakuweza kwenda. Dionysius alikuwa amekwisha agiza kwamba wanaokaribia kufa wakiomba, hasa kama walikuwa wameomba tangu awali, wafunguliwe ili waondoke na tumaini jema. Kwa hiyo kasisi alimpa mtoto kipande kidogo cha mkate wa Ekaristi, akamwagiza akiloweshe na kukidondoshea kinywani mwa mzee. Mtoto aliporudi, kabla hajaingia, Serapion alizinduka tena. Alisema anajua kwamba kasisi hakuweza kuja. Mtoto na afanye upesi alivyoagizwa, amwache aende. Mtoto akalowesha, akatia kinywani. Mzee akameza kidogo, na mara akakata roho.

Tukihesabu kwa kipimo cha dunia, hiki ni chakula cha mwisho kilicho duni kuliko vyote: tone moja, mkononi mwa mtoto, usiku, kwa mtu ambaye historia isingalimjua kwa jambo lingine lolote. Lakini Dionysius aliona humo jibu kwa Novatian. Alimwuliza Fabius kama si wazi kwamba mzee yule alihifadhiwa hai mpaka afunguliwe.

Baraza la Nikea la mwaka 325 lilifanya jambo hilo kuwa sheria. Kanuni yake ya 13 inaagiza kwamba sheria ya kale na ishikwe, anayekaribia kufa asinyimwe masurufu yake ya mwisho, yaliyo ya lazima kuliko yote. Neno la Kigiriki linalotumika hapo ni lile la chakula cha msafiri, akiba anayofungiwa mtu anapotoka nyumbani kwenda mbali. Kanuni hiyo haikuondoa nidhamu. Ilisema mgonjwa akipona arudi miongoni mwa wale wanaoshiriki maombi tu, na askofu achunguze kabla ya kutoa. Lakini ilikataa kabisa nidhamu iwe sababu ya mtu kusafiri na njaa.

Meza ya Eisleben

Sisi Walutheri tunacho kisa kinachotukaribia zaidi. Martin Luther alifika Eisleben, mji aliozaliwa, tarehe 28 Januari 1546, ili kuwapatanisha watawala wa Mansfeld waliogombania mali na mamlaka. Alikuwa na umri wa miaka 62, tena mgonjwa. Katika majuma matatu ya kukaa kwake alihubiri mara nne na kushiriki Meza ya Bwana mara mbili. Hakudharau chakula cha kawaida: tarehe 14 Februari alimwandikia mkewe Katharina kwamba anampelekea samaki aliopewa zawadi na mke wa mmoja wa watawala hao.

Tarehe 17 Februari alikuwa dhaifu, wakamsihi apumzike chumbani. Lakini jioni alishuka kula pamoja na wenzake, maana hakupenda kukaa peke yake. Waliokuwapo, Justus Jonas na Michael Coelius, waliandika mazungumzo ya mezani. Iliulizwa kama tutatambuana katika uzima wa milele. Luther alijibu kwa mfano wa Adamu: alipoamka usingizini hakuwa amemwona Hawa kamwe, lakini alimjua mara moja kuwa ni nyama yake, kwa kuwa alijaa Roho Mtakatifu. Baada ya chakula maumivu ya kifua yalimshika, na kabla ya mapambazuko ya tarehe 18 akafariki. Katika saa ile hapakuwa na mpako wala misa ya haraka. Rafiki zake walimwuliza tu kama anakufa akimshikilia Kristo na mafundisho aliyoyahubiri, naye akajibu ndiyo.

Luther hakuhitaji kutafuta masurufu usiku ule, kwa sababu alikuwa amekwisha yapokea. Tangu mwaka 1519, katika hotuba yake juu ya kujiandaa kufa, alifundisha kwamba Mkristo azithamini sakramenti na kuzifanya tegemeo lake dhidi ya hofu ya mauti. Aliyezoea meza hiyo hashangai anapoitwa.

Mambo mawili kwa mchungaji

Kutokana na habari hizi nayaona mambo mawili. La kwanza ni kutonyima. Wapo washirika wetu waliotengwa kwa miaka mingi, wengine kwa ajili ya ndoa isiyobarikiwa, wengine kwa makosa ambayo hata wazee wa usharika hawayakumbuki vizuri. Mmoja wao anapougua na kuomba kurudi kundini, yako majaribu ya kusema kwamba utaratibu lazima ufuatwe: aandike barua, asubiri kikao, asimame mbele ya usharika. Mgonjwa hawezi kusimama. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara ya 12, lawakataa waziwazi wafuasi wa Novatian waliokataa kuwafungulia walioanguka baada ya ubatizo wanapotubu. Mchungaji anayemwacha mtu kama huyo afe akiomba, akasema analinda heshima ya Kanisa, ameacha ungamo lake mwenyewe.

Atauliza mtu: je, washirika hawataifanya toba kuwa mchezo, wakingoja siku ya mwisho? Swali hili ni la haki, na ndilo linalotuleta kwenye jambo la pili, yaani kutongoja. Dawa ya kuchelewa si kumnyima anayekufa. Dawa ni kuwaita walio hai. Mzee Serapion aliomba mara nyingi akiwa mzima, na aibu ya kisa chake ni kwamba hakuna aliyemsikiliza mpaka mauti ilipobisha hodi. Kama tunaogopa toba ya kitandani, na tuwatembelee waliotengwa wakiwa bado wanalima na kuchota maji.

Bwana mwenyewe, usiku ule aliotolewa, aliketi mezani na watu ambao kabla ya alfajiri wangemkimbia, mmoja akimkana mara tatu. Alijua, na akawapa mkate. Meza tunayoitumikia ni ile ile, na wala si mali yetu; sisi tu watoto tuliotumwa usiku na kipande mkononi, na mzee anangoja.