Upinde na Sheria: Habari za Sungusungu wa Shinyanga

Sungusungu ni chungu mweusi aendaye kwa makundi na kuuma kwa umoja. Jina hilo walipewa wanakijiji wa Usukuma na Unyamwezi walioshika pinde na mishale tangu miaka ya 1981 na 1982 ili kulinda ng'ombe wao. Wenyewe walijiita pia Wasalama, yaani watu wa amani.

Sababu za kuzuka kwao hazifichiki. Kuhamishiwa watu vijijini mwaka 1974 kulivunja ujirani wa kale. Na baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bunduki zilienea mikononi mwa wezi. Polisi walikuwa wachache, tena mbali. Basi katika Kahama na wilaya jirani, na baadaye hata Geita penye dhahabu, mwano ulipopigwa kila mwanamume alilazimika kutoka na upinde wake, na nyayo za ng'ombe zikafuatwa kijiji hadi kijiji. Aliyekaa nyumbani alitozwa faini, au alitengwa na jirani zake. Kiongozi wao aliitwa ntemi, cheo ambacho serikali ilikuwa imekwisha kukiondolea mamlaka mwaka 1963.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza. Viongozi wa chama waliwatetea, wakisema kwamba raia wana wajibu wa kujilinda. Wanasheria nao walijibu kwamba kukamata ni kazi ya polisi na kuhukumu ni kazi ya mahakama. Hoja hii haikuwa ya vitabuni tu, kwa maana baadhi ya Sungusungu waliwapiga washukiwa, na wanawake wazee waliosingiziwa uchawi waliteseka.

Tena serikali ilikuwa na jeraha lake. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, washukiwa wa mauaji waliteswa mikononi mwa vyombo vya usalama, na baadhi yao wakafa. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu ili kuwajibika kwa makosa ya walio chini yake. Kwa hiyo haikuwezekana kusema kwamba mwenye sare ni salama na mwenye mshale ni hatari.

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kuanzia 1988 raia aliweza kuzidai mahakamani. Mwaka uliofuata, Mwinyi akiwa Rais, sheria za mgambo zilirekebishwa, na Sungusungu wakapewa mamlaka ya kukamata.

Je, badiliko hilo lilimaliza ubishi? Lilimaliza nusu yake. Lilieleza nani aruhusiwe kumkamata mwizi, lakini halikuweza peke yake kumlinda asiye mwizi. Ng'ombe aliyeibwa huweza kurudishwa zizini. Bali aliyechomwa mshale kwa kusingiziwa harudishwi na baraza lolote. Kwa hiyo kanuni ya silaha haina budi kupimwa kwa usalama wa mshukiwa kama inavyopimwa kwa usalama wa mwenye mali.